Pochi ya Jina Kubwa: Bei, Ngozi na Lebo ya Nchi

Maswali ya pochi na mikoba yamekuwa mengi, kutoka Mbeya, Iringa, Njombe mpaka Makambako. Karibu yote yanahusu mambo matatu: bei, ubora wa kitu chenyewe, na ile lebo ndogo iliyoshonwa ndani inayotaja nchi. Maswali nimeyafupisha; majibu nimeyaacha yawe marefu pale jambo linapodai. Hela ya pochi kwa wengi wetu imetoka kwenye gunia la viazi, kwenye maparachichi au kwenye mshahara usiofika mwisho wa mwezi, na inaniuma ikiondoka kwa maneno matamu ya dukani.

Mwalimu, Uyole, Mbeya: *Dada, habari za kazi. Kuna duka Mwanjelwa lina pochi mbili za Louis Vuitton zinazofanana kabisa. Moja 45,000, nyingine 180,000. Muuzaji anasema ya 180,000 ndiyo orijino, bei inajieleza. Nimwamini?*

Nzuri, mwalimu. Usimwamini. Zote mbili si Louis Vuitton. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa Paris mwaka 1854, huuza mikoba mipya kupitia maduka yake na tovuti yake, haiuzi jumla kwa wenye maduka wengine, na haina msimu wa kushusha bei. Neverfull, ule mkoba mpana ulio wazi juu ambao kopi zake zimejaa kila soko, uliingia mwaka 2007 na siku hizi ukiwa mpya unazidi dola 1,500. Kwa shilingi zetu ni mamilioni. Hakuna hesabu inayoushusha hadi 180,000 ukiwa mpya na halali.

Lakini swali lako lina kitu kikubwa zaidi ya hiyo kopi. Muuzaji anajua kwamba mtu asipoweza kuupima ubora kwa macho yake, huigeuza bei kuwa kipimo. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walichapisha jaribio la mvinyo: watu walionjeshwa mvinyo uleule mara mbili, mara moja wakiambiwa chupa yake ni dola 10, mara nyingine dola 90. Waliposikia 90 waliusifu zaidi. Ubongo wao ulikuwa ukipigwa picha wakati wanaonja, na sehemu inayohusika na kufurahia ladha ilionekana kuamka zaidi kwenye ule wa "ghali". Hawakuwa wakijifanya. Bei ilikuwa imewafikia ulimini kabla ya mvinyo.

Ndivyo itakavyokuwa kwako. Ukishaambiwa hii ni 180,000, mkono utaiona nzito, pua itasikia ngozi. Kwa hiyo rudi dukani na mwenzio ambaye hajasikia bei. Mpe zote mbili. Afungue na kufunga zipu, avute mpini, aingize mkono ndani aguse mshono kwenye kona za chini, halafu aseme yeye angechukua ipi. Asipoona tofauti, basi ile 135,000 ya juu inalipia hadithi ya muuzaji. Akiiona tofauti, inawezekana kabisa, maana kopi nazo zina madaraja na nyingine zimeshonwa kwa makini. Hapo ilinganishe na mkoba usio na jina wa bei hiyohiyo, usiilinganishe na ya 45,000. Kwa hela hiyo fundi wa ngozi anaweza kukaa na wewe mkapatana.

Muuza mtumba, Makambako: *Shikamoo dada. Nauza pochi za mtumba. Kwenye robota nimepata Coach mbili, ngozi safi sana, ila ndani zimeandikwa moja Vietnam, nyingine China. Wateja wakisoma hapo wanazirudisha mezani: "Aa, hii ya Kichina." Nikate lebo?*

Marahaba. Usikate. Lebo hiyo ni ya kweli kwa kiasi kikubwa kuliko wateja wako wanavyodhani. Coach ilianza New York mwaka 1941 kama karakana ndogo ya ngozi, lakini kwa miaka mingi sasa mikoba yake inashonwa Asia: zamani sana China, siku hizi zaidi Vietnam, Kambodia na Ufilipino. Michael Kors, kampuni nyingine ya Marekani, vilevile. Kwa hiyo Coach iliyoandikwa Vietnam ndiyo hasa unayotarajia kuiona. Na geuza upande wa pili: anayeweza kuchapa nembo ya kampuni bila ruhusa hashindwi kuchapa jina la Italia chini yake. Jina la nchi peke yake halithibitishi orijino wala feki.

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu hili la nchi linawakosesha hela wauzaji waaminifu kama wewe. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa iliyofanya bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka. Nia ilikuwa kumtahadharisha mnunuzi, hasa na bidhaa za Wajerumani ambazo wakati huo zilisemwa kuwa rahisi, tena za kuiga, visu vilivyoiga vile vya mji wa Sheffield, Uingereza, vikiwa mfano mmojawapo. Haikuchukua miaka mingi, yaleyale maneno ya kutaja Ujerumani yakawa ndiyo yanayouza. Lebo ilibaki ileile. Viwanda ndivyo vilivyobadilika, na watu wakabadilika nyuma yake kwa kuchelewa.

Na jinsi lebo inavyotawala macho si jambo la Makambako tu. Mwaka 1965 mtafiti wa Marekani, Robert Schooler, alichapisha jaribio alilofanya Guatemala. Wanafunzi walipewa bidhaa zilezile, mojawapo ikiwa kipande cha kitambaa, kilichobadilishwa ni jina la nchi kwenye lebo basi. Vilivyoandikwa vimetoka El Salvador na Costa Rica, nchi za jirani, vilipewa alama za chini kuliko vilivyoandikwa Guatemala au Meksiko. Kitambaa kilekile. Tangu hapo tafiti za namna hiyo zimefanywa nyingi duniani, na mikoba ya bei kubwa imo ndani yake, kwa sababu ni bidhaa ambayo mnunuzi anashindwa kuona ilivyotengenezwa na anashika chochote kilichoandikwa.

Jina baya la "Mchina" kwetu lina sababu yake, lakini sababu hiyo inaelekezwa pasipo pake. Mzigo mwingi uliofika Kariakoo na kupandishwa huku kwetu uliagizwa na wafanyabiashara wanaotaka bei ya chini kabisa ili uuzike haraka. Kiwanda kikatoa kitu cha bei hiyo. Kiwanda hicho kikipewa ngozi nzuri, zipu nzuri, na mkaguzi anayekataa mshono uliopinda, kinatoa kitu kingine kabisa. Aliyeamua ubora ni mwagizaji.

Kwa biashara yako: mteja akisoma lebo, usibishane naye kuhusu nchi. Mfungulie mfuko wa ndani, mwonyeshe upande wa nyuma wa ngozi palipo na nyuzinyuzi, mwachie aikunje. Iuze kama pochi ya ngozi kwanza, Coach baadaye. Na kama huna hakika kuwa ni Coach ya kweli, mwambie hivyo. Mteja wa mtumba hurudi kwa mtu aliyemwambia ukweli.

Mfanyakazi wa benki, Iringa: *Mdogo wangu yuko Marekani, anasema atanitumia Michael Kors kwa punguzo la asilimia 70. Punguzo kubwa hivyo, si itakuwa feki?*

Inaweza kuwa halali kabisa. Kampuni za ngazi ya kati Marekani zina maduka maalumu ya bei ya chini, kwa kawaida nje kidogo ya miji, na sehemu kubwa ya mikoba inayouzwa humo imetengenezwa kwa ajili ya maduka hayo tangu mwanzo, mara nyingi kwa ngozi nyepesi zaidi na vyuma vichache. Kwa hiyo ile "bei ya zamani" iliyokatwa mstari haijawahi kulipwa na watu wengi. Mwambie mdogo wako aangalie bei anayolipa na kitu anachoshika, asiangalie ukubwa wa punguzo.

Kampuni zenyewe zimeonja ubaya wa mchezo huo. Mwaka 2016 Coach ilitangaza kujiondoa katika maduka makubwa ya watu wengine zaidi ya 250, kwa sababu punguzo za kila wiki zilikuwa zimewafundisha wanunuzi kwamba mkoba wake hauna haja ya kulipiwa bei kamili.

Muuguzi, Iringa mjini: *Mwaka 2025 TikTok ilijaa video za viwanda vya China vikisema mikoba ya Ulaya inashonwa kwao kisha inabandikwa lebo ya Italia au Ufaransa. Kama ni kweli, watu wanalipia nini? Na lebo ya Italia ina maana gani hasa?*

Video zile zilishika kasi mwezi Aprili 2025, Marekani ilipopandisha sana ushuru wa bidhaa za China. Ziliwataja hata Hermès, kampuni ya Ufaransa ya mikoba ya ghali, na Louis Vuitton. Hapo zilivuka mpaka. Hermès hushonea mikoba yake ya ngozi Ufaransa, kwa mikono, fundi mmoja akiubeba mkoba mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Louis Vuitton ina karakana Ufaransa, Hispania, Italia na Marekani. Ya Texas ilifunguliwa mwaka 2019, kwa hiyo hata Louis Vuitton iliyoandikwa Marekani inaweza kuwa ya kweli. Muuzaji anayekwambia "ni ileile, kiwanda kilekile, bila nembo tu" anauza maneno ambayo huwezi kuyahakiki.

Lakini wewe umeuliza kuhusu lebo ya Italia, na hapo ndipo penye uzito.

Sheria ya forodha ya Umoja wa Ulaya inasema hivi: kitu kikipita katika nchi zaidi ya moja, nchi yake ni ile kilikofanyiwa badiliko kubwa la mwisho. Ngozi inaweza kuwa imetoka bara jingine, zipu nchi nyingine, bitana nyingine. Ukishashonewa Italia ukawa mkoba, unaitwa wa Italia kwa haki. Italia yenyewe huagiza ngozi ghafi nyingi kutoka nje na kuzimalizia kwenye viwanda vyake, vikiwemo vya mkoa wa Toscana. Mafundi wao wa kulainisha ngozi ni hodari kweli, hilo silipunguzi hata kidogo. Ila lebo haisemi ni nani aliyeshona, alilipwa nini, wala alilala wapi.

Mwaka 2024 mahakama ya Milano iliyasema hayo hadharani. Mwezi Aprili iliweka chini ya usimamizi wake kampuni ya uzalishaji ya kundi la Armani, na mwezi Juni kampuni ya uzalishaji ya Dior, kwa kushindwa kuwasimamia wakandarasi wao. Wapelelezi walikuwa wamekuta karakana za Wachina pembezoni mwa Milano, wafanyakazi wakilala palepale wanapofanyia kazi, na mashine zimeondolewa vizuizi vya usalama ili ziende haraka. Kwenye nyaraka za kesi ya Dior kulikuwa na hesabu iliyozunguka dunia nzima: mkandarasi alilipwa euro 53 kushona mkoba uliouzwa dukani euro 2,600. Hizo 53 hazina gharama ya ngozi ndani yake, wala ya ubunifu, duka na matangazo. Hata hivyo, kwa shilingi zetu ni kama laki moja na nusu upande mmoja, zaidi ya milioni saba upande wa pili. Kampuni zenyewe hazikushtakiwa kwa jinai, na usimamizi wa mahakama uliondolewa mwaka 2025 baada ya kubadilisha namna wanavyowakagua wakandarasi.

Kwa hiyo watu wanalipia nini? Wanalipia ngozi na kazi, ndiyo, lakini sehemu kubwa ni jina, duka la marumaru katikati ya Paris, matangazo, na uchache uliopangwa. Wapo wanaolipa kwa sababu bei ni kubwa, ikishuka wanaondoka. Huyo siwezi kumsema vibaya, anajua anachonunua. Ninayemhurumia ni yule anayedhani kila euro iliyoongezeka imeingia kwenye mshono. Mkoba maarufu wa Chanel wa kukunja, ambao mizizi yake ni ule wa mwezi Februari 1955, ulipita euro 10,000 mwaka 2024 kwa saizi ya kati, karibu mara mbili ya bei yake miaka mitano nyuma. Ngozi haikuongezeka mara mbili wala mishono. Na hata huko waliko wenye uwezo uvumilivu una mwisho: kampuni ya ushauri ya Bain ilikadiria mwishoni mwa 2024 kwamba bidhaa za anasa zilikuwa zimepoteza wateja kama milioni 50 ndani ya miaka miwili.

Ukiniuliza mimi, muuguzi, lebo ya Italia niipe uzito gani, ningesema iwe sababu ya kuangalia zaidi. Isiwe sababu ya kuacha kuangalia.

Mwanasheria, Mbeya mjini: *Kwa nini mikoba ya bei kubwa kabisa mara nyingi haina nembo kubwa, wakati ya bei ya chini imejaa nembo?*

Umeona sawasawa. Watafiti watatu, Han, Nunes na Drèze, walichapisha mwaka 2010 uchunguzi wa mikoba ya Gucci na Louis Vuitton na wakakuta hivyohivyo: kadiri nembo inavyopungua kelele, ndivyo bei inavyopanda. Maelezo yao ni kwamba mwenye hela za siku nyingi anataka atambuliwe na wenzake tu, na hao wataujua mkoba kwa umbo lake na vyuma vyake. Anayetaka kutambuliwa na watu wote barabarani anahitaji herufi kubwa. Ndiyo maana pia waigaji huchagua mikoba yenye nembo nyingi: kazi yao inaonekana kwa mbali. Hata ile michoro ya herufi na maua ya Louis Vuitton ilibuniwa mwaka 1896 ili kuwazuia waigaji, na leo ndiyo inayoigwa kila kona.

Mfanyabiashara wa ndizi, Tukuyu: *Shikamoo. Nilinunua pochi kwa 120,000, nikaambiwa ngozi halisi ya Uturuki. Nimeitunza kabatini, naivaa kanisani tu. Masika ya pili imeanza kubanduka kama magamba, na ya mwenzangu imeota ukungu. Tulikosea wapi?*

Marahaba, mama, na pole. Hamkukosea kutunza. Hizo ni hadithi mbili tofauti.

Pochi iliyobanduka magamba si ngozi. Ni kitambaa kilichopakwa utando wa plastiki, ile wanayoiita PU, kifupi cha poliyurethini. Utando huo huvunjwavunjwa na unyevunyevu wa hewani taratibu, hata kama pochi imekaa kabatini haijaguswa. Tukuyu ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, kwa hiyo mchakato huo kwako una chakula cha kutosha. Haitengenezeki. Fundi akikwambia atapaka rangi ikae, okoa hela yako.

Pochi ya mwenzio iliyoota ukungu huenda ndiyo ngozi ya kweli! Ukungu hupenda ngozi iliyofungwa mahali pasipo na hewa. Aitoe nje siku ya jua, aipanguse kwa kitambaa kikavu, kisha kitambaa chenye maji kidogo, aiache kivulini ikauke. Asiisogeze karibu na jiko la mkaa, itakakamaa na kupasuka. Aijaze magazeti ishike umbo, aiweke kwenye mfuko wa kitambaa. Mfuko wa nailoni ndio unaoita ukungu. Mafuta ya ngozi yasiyo na rangi mara moja moja yanatosha. Dawa ya viatu yenye rangi itahamia kwenye kitenge chake.

Sasa namna ya kujua kabla hujatoa hela, maana hapa ndipo ubora ulipo na hakuna lebo itakayokusaidia. Tafuta ukingo uliokatwa, kwa mfano kwenye ncha ya mkanda au ndani ya mfuko mdogo. Ngozi ukingoni ina nyuzinyuzi zilizoshikana, kama kitu kilichoota. PU utaona tabaka: juu utando mwembamba, chini kitambaa. Bonyeza kwa kidole gumba: ngozi hukunjamana vijikunjo vidogo visivyo na mpango kisha hurudi, plastiki huzama na kuacha shimo laini. Vinyweleo vya ngozi havipangwi sawasawa kama vilivyopigwa muhuri. Na kuna wa katikati anayewaponza wengi: ngozi ya kweli ya tabaka la chini, dhaifu, iliyopakwa utando mzito juu ili ing'ae. Muuzaji akisema "ngozi halisi" hajasema uongo, lakini haitadumu kama ile ya tabaka la juu.

Baada ya hapo zipu. Ifungue na kuifunga mara kumi bila haraka, hasa kwenye kona. Herufi YKK, za kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1934, ni dalili nzuri, ila nazo huigwa, kwa hiyo mkono wako uamue. Kisha maungio ya mpini, kwa sababu pochi nyingi za huku hufia hapo: tunabebea daftari, chupa ya maji, simu mbili na kilo moja ya sukari. Mpini ulioshonwa mshono wa mraba na kuongezewa kipande nyuma utavumilia. Ulioshikiliwa na ribiti moja na gundi hautavumilia.

Na tusiseme kila kisicho ngozi ni kibaya. Mikoba mingi ya Louis Vuitton yenye ile michoro ni turubai la pamba lililopakwa plastiki aina ya PVC, ngozi ikiwa kwenye mipini na mapambo tu. Hiyo mipini huwa ya rangi hafifu ikiwa mpya na kugeuka rangi ya asali kwa jua na mikono. Prada walijijengea jina kwa begi la mgongoni la nailoni mwaka 1984. Vitu hivyo hudumu kwa sababu malighafi ilichaguliwa kwa ajili ya kudumu na ikaitwa kwa jina lake. Wewe uliuziwa plastiki dhaifu kwa jina la ngozi, na unastahili pole kwa hilo. Kama risiti ipo, rudi nayo dukani udai: kuelezwa ngozi ukapewa PU ni kuuziwa kitu sicho.

Bwana harusi mtarajiwa, Njombe: *Nataka kumpa mchumba wangu pochi ya Gucci. Orijino siiwezi. Kopi nzuri itakuwa aibu?*

Kumpa kopi huku ukimwambia ni orijino, ndiyo, itakuwa aibu, na itamwangukia yeye mbele za watu, siyo wewe. Mpe mkoba mzuri usio na jina la mtu. Ukienda kwa fundi wa ngozi, agizia rangi anayoipenda na herufi za jina lake zipigwe ndani. Gucci yenyewe ilianza Florence mwaka 1921 kama karakana ya mjini.

Fundi wa mikoba ya ngozi, Iringa: *Dada, kazi zangu ni nzuri, watu wanazisifu. Mteja akisikia ni za hapahapa anataka 30,000. Mwenzangu huwaambia zake zimetoka Afrika Kusini, anauza 90,000 ngozi ileile. Nami niweke lebo ya nje?*

Fundi, swali lako limenigusa kuliko yote, kwa sababu linaonyesha tunavyojishusha wenyewe. Lakini jibu ni hapana.

Kwanza sheria. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na nchi au mahali ilipotengenezwa ni sehemu ya maelezo hayo. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia, na ndiyo hiyohiyo inayokamata bidhaa bandia. Mwenzio anauza mkoba halali kwa namna isiyo halali. Siku wakimfikia, atapoteza mzigo ambao ungeuzika bila uongo.

Pili, faida ya lebo ya nje inaishia siku ya mauzo. Mteja akiupenda mkoba ule, ataisifu Afrika Kusini. Rafiki yake akiutaka, hataulizia karakana yako. Unajenga jina la nchi nyingine kwa mikono yako mwenyewe.

Angalia vikapu vya Iringa. Akina mama wanavisuka kwa milulu inayokatwa kwenye majaruba na mabonde yenye maji, na leo vinauzwa Ulaya na Marekani vikiwa vimeandikwa Iringa, na watu wanalipa kwa sababu ya jina hilo. Angalia Neema Crafts hapohapo mjini, iliyoanza mwaka 2003 na vijana wachache viziwi, sasa inajulikana mbali kwa ufumaji na kazi nyingine za mikono. Mnunuzi wao anataka kujua nani ametengeneza na wapi. Hawafichi, wanaandika. Hermès nayo ilianza Paris mwaka 1837 ikishona lijamu na vifaa vya farasi, na mpaka leo inajivunia mshono wa matandiko: sindano mbili, uzi wa kitani uliopakwa nta, kila tundu likipitiwa pande zote mbili, ili uzi ukikatika sehemu moja mishono mingine ishike. Mshono huo unaweza kuufanya wewe. Hauhitaji mashine, unahitaji muda, na muda ndio utakaoutolea bei.

Sasa nikwambie kinachowafanya wateja wasite, maana si dharau tu. Mikoba mingi ya mafundi wetu ina ngozi nzuri na mshono imara, halafu imewekewa zipu ya bei ya chini kabisa na bitana inayochanika baada ya miezi mitatu. Kingo zimeachwa mbichi. Mteja anaona hapo anasema "ya hapahapa". Zipu nzuri itakuongezea gharama kidogo na kukuongezea bei mara kadhaa yake. Kingo zisugue, zipake nta au rangi ya kingo tabaka kwa tabaka. Vyuma chagua vya aina moja rangi moja.

Kisha mweleze mteja hesabu. Ngozi unanunua kwa futi. Mwambie mkoba huu umekula futi ngapi, zipu shilingi ngapi, siku ngapi za kazi. Mtu anayepinga bei ya 90,000 hewani huwa mpole akiona imejengwa na nini. Mwekee ahadi moja ambayo mkoba wa kutoka nje hauwezi kumpa: mpini ukilegea au mshono ukiachia ndani ya mwaka mmoja, aulete karakana, utautengeneza bure. Piga muhuri wako ndani, jina la karakana na neno Iringa, pamoja na namba yako ya simu, kwenye ngozi yenyewe. Na kabla ya kupandisha bei kwa wote, tengeneza mitatu ya kiwango hicho, uweke mezani pamoja na ile ya 30,000, uone wateja wanaichukuaje.